Upupu una dawa ya kweli, basi upimwe kama dawa

Ndugu Mhariri,

Unga wa mbegu za upupu sasa unauzwa kwenye mabanda ya dawa za asili, kwenye vituo vya mabasi na kwenye simu, na tangazo lake karibu kila mahali ni lilelile: unatibu ugonjwa wa kutetemeka, ni wa asili, hauna madhara. Tunaandika kuhusu hilo neno la mwisho, kwa sababu ndilo linaloumiza watu.

Mbegu ya upupu ina levodopa. Ni kemikali ileile iliyomo kwenye kidonge anachoandikiwa hospitalini mgonjwa wa Parkinson, ndiyo huo ugonjwa wa kutetemeka, haina tofauti hata ya chembe. Hiyo ndiyo sababu unga huo unafanya kazi. Kwa sababu hiyohiyo unaweza kumtapisha mtu, kumwangusha chooni usiku, au kumfanya azungumze na watu wasiokuwepo chumbani. Na unaweza usifanye lolote, ikiwa mtengenezaji alichemsha mbegu na dawa yote ikaenda na maji aliyoyamwaga. Mmea wenye dawa ya kweli unastahili kupimwa kwa miligramu. Kijiko hakitoshi.

Kwanza ugonjwa wenyewe. Katika Parkinson, seli zinazotengeneza dopamini, kemikali ambayo ubongo huitumia kuongoza mwendo wa mwili, zilizo kwenye sehemu ndogo nyeusi ndani kabisa ya ubongo, hufa polepole. Dalili zikianza kuonekana, seli nyingi zimeshapotea. Mkono unatetemeka ukiwa umetulia pajani na kuacha ukiinuliwa kushika kikombe. Mwandiko unapungua ukubwa kadiri mstari unavyosonga. Mkono mmoja hauyumbi mtu akitembea, uso unakosa tabasamu, na miguu inanata sakafuni mtu anapotaka kupita mlangoni. Mgonjwa akipewa dopamini yenyewe haimsaidii, maana haivuki kizuizi kilichopo kati ya damu na ubongo. Levodopa huvuka, na ikishafika ng'ambo hugeuzwa kuwa dopamini. Inajaza pengo kwa saa chache, kisha pengo linarudi. Seli zinaendelea kufa kama kawaida. Kwa hiyo anayesema unga wake unaponya Parkinson anasema jambo ambalo hata kidonge cha hospitali hakijawahi kulifanya.

Waganga wa India waliitumia mbegu hii kwa watu wanaotetemeka karne nyingi kabla mtu yeyote hajajua levodopa ni nini. Mwaka 1937 wanakemia wawili wa huko, Damodaran na Ramaswamy, waliitoa levodopa ndani ya mbegu ya upupu. Miaka 24 kabla yao, 1913, Marcus Guggenheim alikuwa ameitoa kwenye aina ya maharage yaitwayo fava. Lakini matumizi yake kwa mgonjwa yalingoja mpaka 1961, Birkmayer na Hornykiewicz walipowachoma wagonjwa sindano za levodopa huko Vienna na kuona waliolala hawawezi kuinuka wakisimama. Mwaka 1967 George Cotzias, huko Marekani, akaonyesha kwamba dawa hii ikinywewa kwa mdomo kwa dozi kubwa, inayopandishwa taratibu, matokeo yanadumu. Tazama mpangilio huo: mmea ulijulikana mapema, ila kilichomfaa mgonjwa kilikuwa kujua ni kiasi gani na kipandishwe vipi.

Kwetu jambo hili si la mbali. Watafiti waliopita nyumba kwa nyumba wilayani Hai, Kilimanjaro, katika jamii ya watu 161,071, walikuta wagonjwa 33 wa Parkinson, na walio wengi walikuwa hawajawahi kuambiwa na mtu yeyote kwamba wana ugonjwa huo. Wengine katika hali kama hiyo huambiwa ni uzee, wengine wamerogwa. Mtu wa namna hiyo akikutana na unga wa upupu sokoni, akanywa, na mkono ukatulia kwa mara ya kwanza baada ya miaka, nani atamwambia asinywe? Sisi hatumwambii hivyo. Tunamwambia ajue anakunywa nini.

Hesabu yenyewe ni hii, na tunaomba wasomaji wako waifuate kwa kalamu.

Mbegu kavu ya upupu huwa na levodopa ya takriban asilimia 3 hadi 6 ya uzito wake, kutegemea aina, udongo na ukomavu. Tuchukue asilimia 5. Kijiko cha chai kisichorundikwa hubeba karibu gramu 3 za unga mkavu. Asilimia 5 ya gramu 3 ni miligramu 150 za levodopa. Mtu ataona ni kiasi kizuri, kwa kuwa kidonge kinachotumika sana kina levodopa miligramu 250 na karbidopa miligramu 25. Lakini hapo ndipo watu wengi wanapokosea. Levodopa ikinywewa peke yake, sehemu kubwa hugeuzwa kuwa dopamini ikiwa bado tumboni na kwenye damu, kabla ya kufika ubongoni. Huko nje haina kazi isipokuwa kuleta kichefuchefu na kushusha shinikizo la damu. Karbidopa kazi yake ni kukizuia kimeng'enya kinachofanya mgeuzo huo mapema. Bila karbidopa, mgonjwa anahitaji levodopa mara 4 hadi 5 zaidi ili ubongo upate kiasi kilekile. Gawanya miligramu 150 kwa 5: unabaki na 30. Kijiko kimoja asubuhi na kimoja jioni, kama tangazo linavyoelekeza, ni sawa na robo ya kidonge kwa siku nzima. Mgonjwa halisi wa Parkinson hatapata nafuu ya maana hapo. Anayesema amepona kwa dozi hiyo, huenda ugonjwa wake haukuwa Parkinson.

Sasa geuza upande wa pili. Upo unga uliokamuliwa kiwandani ambao levodopa yake imefikishwa asilimia 15, 20, hata 40. Kwa macho, unga wa asilimia 5 na wa asilimia 40 hauna tofauti ambayo mnunuzi anaweza kuiona. Kijiko kilekile cha gramu 3 sasa kina miligramu 1,200. Na kama mbegu zilichemshwa zikapoteza asilimia 70 ya levodopa, kijiko hichohicho kina miligramu 45. Kutoka 45 hadi 1,200 kwa kijiko kimoja, na kopo zote mbili zimeandikwa "unga asilia wa upupu". Marekani, watafiti waliponunua bidhaa 16 za upupu na kuzipima, kiasi cha levodopa katika dozi iliyoelekezwa kwenye kopo kilianzia miligramu 2 na kuishia 241. Kama huko hali ni hiyo, kwetu ambako kopo nyingi hazina hata namba ya toleo hali haiwezi kuwa nafuu.

Lipo kosa la tatu, baya kuliko hayo mawili, nalo hutokea mgonjwa anapotumia vidonge na kuongeza unga juu yake kwa siri. Karbidopa haichagui. Inailinda levodopa ya kidonge, na inailinda ya unga vilevile. Ule unga ambao peke yake ulikuwa na nguvu ya miligramu 30, ukinywewa na kidonge sasa unafanya kazi kwa miligramu zake zote 150. Vijiko viwili juu ya kidonge cha 250, na dozi imezidi maradufu kwa mkupuo mmoja. Mgonjwa anaanza kucheza: kichwa, bega na mguu vinajipinda vyenyewe bila yeye kutaka. Familia inaona ugonjwa umezidi, inaongeza kijiko. Daktari naye, asiyejua habari ya unga, anaona vidonge vimekuwa vikali, anapunguza. Kila mtu anavuta upande wake na mgonjwa yuko katikati.

Hatusemi haya kwa kuudharau upupu. Majaribio yaliyofanywa kwa utaratibu yanauheshimu. London, mwaka 2004, wagonjwa 8 walipewa kwa zamu unga wa upupu gramu 15, gramu 30, na vidonge vya levodopa miligramu 200 na karbidopa 50, bila wao wala waliowapima kujua ni zamu ya kipi. Gramu 30 za unga, zilizokuwa na levodopa miligramu 1,000, zilianza kufanya kazi baada ya dakika 34.6 kwa wastani. Vidonge vilichukua dakika 68.5. Nafuu pia ilidumu zaidi, bila mwili kujipindapinda zaidi. Msomaji aliyefuata hesabu ya hapo juu ataona 1,000 ni mara 5 ya 200.

Bolivia, matokeo yakachapishwa 2017, wagonjwa 18 walijaribiwa kwa unga uliotengenezwa kwa mbegu zilizokaangwa tu na kusagwa, dozi ikikokotolewa kwa uzito wa mtu: levodopa ya unga miligramu 12.5 au 17.5 kwa kila kilo. Mtu wa kilo 60 kwa dozi ya juu anahitaji miligramu 1,050, ambazo kwa unga wa asilimia 5 ni gramu 21, yaani vijiko 7 vya chai kwa mara moja. Matokeo hayakuwa mabaya kuliko vidonge. Kwa dozi ya juu nafuu ilidumu zaidi. Lakini hilo lilikuwa jaribio la dozi mojamoja. Ghana wakaendelea na swali la pili: je, mtu anaweza kuutumia unga huo kila siku? Wagonjwa walikuwa 14, muda wiki 16, nusu ya muda unga na nusu vidonge. Watu 7 kati ya 14 waliacha unga kabla ya muda, baadhi kwa tumbo kuchafuka, baadhi kwa kuwa mwendo wao ulizidi kuwa mzito. Walioweza kuuvumilia walifanya vizuri. Tunaona jaribio la Ghana ndilo la kusomwa kwa makini zaidi na mtu wa Afrika, kwa sababu linasema yote mawili kwa pamoja, kwamba unga unafaa, na kwamba nusu ya watu hawauwezi.

Namna ya kutengeneza nayo ina siri zake, na hapa mafundi wengi wa mitaani wanakosea bila kujua. Vinyweleo vya ganda la upupu wa porini ndivyo vinavyowasha; vina protini inayokata ngozi kama kimeng'enya cha kuyeyusha nyama, na upepo wa mchana unavirusha machoni. Aina inayolimwa, ambayo mabwana shamba huiita mukuna na wakulima huipanda kati ya mahindi ili kurutubisha udongo, haina vinyweleo hivyo vikali, na mbegu zake ni kubwa, nusu gramu hadi zaidi ya gramu moja kila moja. Levodopa imo katika zote mbili. Mbegu ianikwe mpaka ikauke kweli, kwani iliyofungwa kwenye gunia ikiwa na unyevu hupata kuvu, na sumukuvu haiondoki kwa kukaanga. Vipimo vya sampuli 25 kutoka Afrika, Amerika Kusini na Asia vilionyesha kwamba mbegu iliyokaushwa na ile iliyokaangwa bila mafuta zina levodopa karibu sawa, takriban asilimia 5.3, ilhali iliyochemshwa inaweza kupoteza hadi asilimia 70. Sababu ni nyepesi: levodopa huyeyuka kwenye maji, hasa ya moto.

Wanaokula mbegu hizi kama chakula wanalijua hilo kwa njia yao. Malawi na kaskazini ya Msumbiji huchemshwa na maji kumwagwa mara kadhaa kabla ya kuliwa. Mwaka 1989, katika mkoa wa Nampula, vita na ukame viliwafanya watu wazile bila kumwaga maji ya kutosha, na zaidi ya watu 200 wakapatwa na kichaa cha ghafla: kuchanganyikiwa, kuona visivyokuwepo, moyo kwenda mbio. Hawakuwa na Parkinson. Walikunywa dawa ya Parkinson wasiyoihitaji, sufuria nzima. Mtu akisema kitu cha asili hakina madhara, mwambie kuhusu Nampula.

Jambo jingine la kutengeneza ni muda. Koroga unga kwenye maji asubuhi, uache kwenye chupa mezani. Ifikapo mchana maji yameanza kuwa ya kahawia, jioni yanaelekea kuwa meusi. Ile rangi ni levodopa inayoungana na hewa na kugeuka kitu cha jamii ya rangi ya ngozi na nywele zetu. Haina tena kazi ubongoni. Magadi yakiingia, au majivu, inakuwa nyeusi haraka zaidi. Tindikali ya ndimu huichelewesha. Anayechanganya mara moja kwa siku nzima anakunywa dozi tatu tofauti: ya asubuhi kali, ya mchana dhaifu, ya jioni dhaifu zaidi.

Na hata dozi iliyo sahihi inaweza kuzuiwa njiani. Levodopa hupita kwenye utumbo kwa mlango uleule unaopitisha protini iliyosagika. Mgonjwa akinywa dawa pamoja na nyama, samaki au bakuli la maharage, dawa inasukumana na chakula na mara nyingi inashindwa. Inywewe nusu saa kabla ya kula, au saa moja na nusu hadi mbili baada ya kula. Kichefuchefu kikiwa kikali, kipande cha muhogo au mkate mkavu kinatosha, maana havina protini nyingi. Vidonge vya kuongeza damu vyenye madini ya chuma huishika levodopa tumboni, basi viachane kwa saa mbili angalau. Vitamini B6 ina habari ya pekee. Kwa anayetumia vidonge vyenye karbidopa haina tatizo kubwa, lakini kwa anayetumia unga mtupu wa upupu, miligramu 10 hadi 25 tu za B6 zinaweza kuifuta nguvu ya levodopa, kwa kuwa B6 hukiongezea kasi kile kimeng'enya cha nje ya ubongo. Vidonge vya vitamini B vinavyonunuliwa kwa ajili ya ganzi ya miguu vina B6 zaidi ya hapo. Wazee wengi wanavyo chini ya mto wa kulalia.

Dawa za kuzuia kutapika zinahitaji uangalifu zaidi ya zote. Mgonjwa anywe upupu, atapike, apelekwe zahanati, achomwe metoklopramidi: dawa hiyo inafunga milango ya dopamini ubongoni, na kesho yake hawezi kugeuka kitandani. Haloperidoli na klopromazini, zinazotolewa mtu akianza kuona maruweruwe, zinafanya hivyohivyo kwa ukali zaidi. Tena dawa hizo zenyewe humletea hata mtu asiye na Parkinson kutetemeka na kukakamaa kunakofanana na Parkinson. Huyo tiba yake ni kuachishwa dawa hizo na daktari. Upupu haumsaidii.

Shinikizo la damu hushuka mtu anaposimama ghafla, iwe anainuka kitandani saa nane usiku kwenda chooni au anatoka kwenye sijda. Akae kwanza, miguu sakafuni, ahesabu mpaka thelathini, ndipo asimame. Anayefunga Ramadhani aongee na daktari kabla mwezi haujaandama, maana dozi za levodopa hufuatana kila baada ya saa chache na hazihamishiki zote usiku. Mwenye presha ya macho ya aina ya pembe iliyoziba, na mwenye historia ya ugonjwa wa akili, asiuguse upupu kabisa. Na yeyote aliyezoea levodopa, ya kidonge au ya unga, asiache kwa siku moja. Kuacha ghafla kunaweza kuleta homa kali, mwili kukauka kama ubao na akili kupotea. Kwetu homa ni malaria mpaka ithibitike vingine, na saa za thamani hupotea kwenye kipimo cha malaria wakati mgonjwa anahitaji dawa yake irudishwe na alazwe.

Ndugu Mhariri, upupu hauko peke yake. Rivastigimini, dawa ya kupunguza makali ya kusahau kwa wenye Alzheimer, ilibuniwa kwa kufuata umbo la fisostigimini, sumu iliyotolewa mwaka 1864 kwenye mbegu ya Calabar, Nigeria, ambako watuhumiwa walilishwa mbegu hizo kama kiapo, sawa na mwavi wa huku kwetu. Galantamini ilitoka kwenye vitunguu vya maua ya theluji ya Ulaya Mashariki. Dozi yake huanza kwa miligramu 8 kwa siku na kupandishwa baada ya wiki nne, na ukiiharakisha mgonjwa anatapika na mapigo ya moyo yanashuka. Kwa upande mwingine, majani ya ginko yanayouzwa duniani kote kwa ajili ya kumbukumbu yalijaribiwa Marekani kwa watu 3,069 wenye umri wa kuanzia miaka 75, miligramu 120 mara mbili kwa siku, na mwaka 2008 ikatangazwa kwamba hayakuzuia ugonjwa wa kusahau. Mimea mitatu, na kila mmoja ulipimwa ndipo ukajulikana.

Na ipo inayoharibu. Kisiwani Guadeloupe, katika Bahari ya Karibi, mwaka 1999 madaktari walieleza kwamba wagonjwa wengi isivyo kawaida walikuwa na aina ya Parkinson isiyosikia levodopa, na kwamba wengi wao walikula mastafeli na kunywa chai ya majani yake kwa miaka. Stafeli lina anonasini, inayozima mitambo ya nishati ndani ya seli za ubongo. Tunda moja la kawaida lilikutwa na takriban miligramu 15. Uthibitisho kwamba stafeli ndilo lililosababisha haujakamilika, na hatumtishi mtu anayekula kipande siku ya Eid. Lakini chai ya majani ya mstafeli inauzwa leo pamoja na unga wa upupu, mara nyingi na mtu mmoja, kwa mgonjwa mmoja. Mwenye Parkinson, au ambaye mzazi wake anayo, tungemshauri aiache. Utupa unaotumiwa kuvulia samaki una rotenoni, na rotenoni ndiyo watafiti huwapa panya maabara wanapotaka kuwaletea Parkinson. Wanaopuliza majani hayo shambani wavae glovu na kufunika pua.

Tunachoomba kinawezekana. Levodopa na karbidopa imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, kwa vidonge vya 100 na 10, 100 na 25, na 250 na 25. Ifike hospitali za wilaya na isikatike, kwa sababu mgonjwa hakimbilii kijiko ilhali kidonge kipo. Wakati huohuo upupu upimwe. Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, Taasisi ya Tiba Asilia pale Muhimbili na kituo cha utafiti wa dawa asili cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) kule Mabibo ni mahali pa kazi hiyo. Kupima levodopa ni kazi ya kawaida ya maabara: unga unapimwa kwenye mizani, unayeyushwa kwenye tindikali hafifu ili usigeuke mweusi, unachujwa, na mashine ya kromatografia inasoma kiasi kwa mwanga wa nanomita 280. Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala linaposajili unga wa upupu, lidai namba hiyo kwa kila toleo. Mtengenezaji mwaminifu atanufaika nayo kuliko mtu yeyote, maana ataweza kusema kopo langu lina asilimia 5 na jirani hawezi.

Na gazeti lako, kabla ya kupokea tangazo au kuchapa makala ya upupu, liulize mambo matatu: kila kijiko kina miligramu ngapi za levodopa, mbegu zilikaangwa au zilichemshwa, na onyo kwa anayetumia vidonge limeandikwa wapi. Tangazo lisilo na majibu hayo lisitoke.

Kwa anayemuuguza mtu leo na unga tayari uko nyumbani, usiumwage kwa hasira wala usiufiche daktari asiuone. Chukua daftari. Kwa siku tatu andika saa ya kila dozi, kidonge au kijiko, saa ya chakula na kilikuwa nini, saa ambayo mgonjwa alianza kutembea vizuri, saa ambayo miguu ilianza kunata tena, na saa ambayo mwili ulicheza wenyewe. Nenda na daftari, kopo la unga, na kila kidonge kilichopo, kuanzia chini ya mto wa kulalia hadi kabatini, hata vile vya ganzi, uviweke vyote mezani kwa daktari.

Wafamasia wawili,
Tanga